Namna ya Kusanifu Nyumba ya Familia Inayotazama Bahari katika Pwani ya Tanzania

Familia nyingi zinazopata kiwanja kando ya bahari, iwe Kigamboni, Bagamoyo, Pangani au Mikindani, huchukua ramani iliyokwisha kuchorwa kwa ajili ya mahali pengine, wakaigeuza ielekee majini na kuiongezea vioo. Nyumba ya namna hiyo hupendeza kwenye picha, lakini waliomo hufunga mapazia tangu asubuhi kwa sababu ya mng'ao, huwasha kiyoyozi mchana kutwa, na baada ya miaka michache huona zege la roshani likibanduka na nondo zikionekana kwa kutu. Mwongozo huu unafuata mpangilio mwingine: kwanza kuijua ardhi, upepo, jua na chumvi ya mahali penyewe, kisha kuamua ni nani katika familia ataitazama bahari, akiwa ameketi wapi na saa ngapi. Maelezo yanahusu Tanzania Bara, ambako kwa sehemu kubwa bahari iko upande wa mashariki. Unguja na Pemba zina sheria zake za ardhi na mazingira, na pwani zake za magharibi hupata jua la jioni, kwa hiyo anayejenga huko itambidi avipime upya vivuli vinavyotajwa hapa.

Hatua ya 1: Hakikisha ardhi na umbali kutoka majini

Kabla ya kumlipa mtu yeyote achore chochote, fanya upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili ujue jina la mmiliki, matumizi yaliyoruhusiwa, na kama kuna rehani au zuio. Ardhi yote nchini ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Kinachomilikiwa ni haki ya kuitumia kwa muda ulioandikwa kwenye hati, ambao huweza kuwa miaka 33, 66 au 99. Iwapo eneo bado ni la kijiji, linatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, na makubaliano ya maneno na mtu mmoja, hata akiwa mzee anayeheshimika, hayatoshi.

Jambo la pili lina uzito zaidi kwa msanifu. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufukwe, ndani ya meta 60. Mpima ardhi aliyesajiliwa akupimie umbali huo kuanzia alama ya maji ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya na mwezi mpevu, auonyeshe kwenye ramani ya upimaji pamoja na miinuko ya ardhi kwa kila nusu meta, na wewe uthibitishe msimamo wa halmashauri na wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Wapo wanaouona umbali huu kuwa hasara. Mimi nauona kuwa kinga ya kwanza ya nyumba, kwa kuwa ufukwe wa mchanga hausimami mahali pamoja. Katika pwani ya Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, mmomonyoko umekula ardhi na majengo kwa miongo kadhaa, na miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uchimbaji wa mchanga katika vijito vilivyokuwa vikiulisha ufukwe huo. Ukuta wa kuzuia bahari ni kazi ya gharama kubwa, na ukijengwa na mtu mmoja mara nyingi huhamishia mmomonyoko kwa jirani.

Waulize pia wenyeji na serikali ya mtaa kuhusu njia za wavuvi kwenda pwani, makaburi, na mahali ambapo mashua huegeshwa. Njia ya watu iliyotumika vizazi kwa vizazi iheshimiwe ndani ya mchoro tangu mwanzo, kwa kuwa uzio utakaoiziba utaleta ugomvi usiokwisha.

Hatua ya 2: Kijue kiwanja katika misimu yake

Kiwanja cha pwani hakijulikani kwa kutembelewa mara moja. Wakati wa kaskazi, takribani kati ya Desemba na Machi, upepo hutoka kaskazini mashariki na hali huwa ya joto. Wakati wa kusi, takribani kuanzia Aprili au Mei hadi Oktoba, hutoka kusini mashariki, nao huwa na nguvu zaidi na huanza ukiwa umebeba mvua za masika. Kati ya misimu hiyo kuna majuma ambayo upepo hulegea, na hayo ndiyo majuma ambayo nyumba isiyopitisha hewa huwa haikaliki. Nenda kiwanjani katika kila msimu, asubuhi na alasiri, ukiwa na karatasi ya kuandikia upepo unatokea wapi na kivuli cha minazi kinaangukia wapi.

Chagua siku za bamvua, wakati wa mwezi mpya au mwezi mpevu, uyaone maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa. Tofauti ya kina kati ya hali hizo mbili katika pwani yetu hukaribia meta 4, na mahali penye ufukwe tambarare bahari uliyoiona buluu maji yakiwa yamejaa huweza kuwa mamia ya meta mbali saa chache baadaye, ikiacha mchanga, majani bahari na miamba ya matumbawe. Mandhari hiyo nayo ni nzuri kwa anayeitarajia, kwani kina mama hushuka kuokota chaza na ngalawa hulala ubavu zikingoja maji.

Kisha chukua ngazi. Simama juu yake katika sehemu mbalimbali za kiwanja ili macho yako yafike kimo cha sakafu unazozifikiria, na mwenzako apige picha akiwa kimo hicho. Wengi huamua kujenga ghorofa wakiamini kwamba wataona bahari kubwa zaidi. Macho yaliyo meta 7 juu ya maji huona upeo ulio umbali wa kilomita 9 na nusu hivi. Yakipandishwa hadi meta 10 huona kilomita 11 na kitu. Ghorofa husaidia kwa hakika pale ambapo vichaka, uzio au nyumba ya jirani vimekinga macho, au pale unapotaka kuona rangi za mwamba chini ya maji. Kama vizuizi hivyo havipo, sakafu moja iliyoinuliwa vizuri hutosha, na huwa rahisi zaidi kwa bibi mwenye maumivu ya magoti.

Hatua ya 3: Andika maisha ya familia kabla ya idadi ya vyumba

Msanifu akiambiwa "vyumba vinne, sebule na jiko" atachora nyumba ya mtu yeyote. Mpe maelezo ya siku yenu nzima: nani huamka wa kwanza na hukaa wapi, watoto husomea wapi, wageni hupokewaje, chakula hupikwa kwa gesi tu au pia kwa mkaa na kuni, na ndugu kutoka bara wakija wakati wa likizo hulala wangapi. Iwapo wazazi wazee watakaa nanyi, chumba chao kiwe sakafu ya chini, kiwe na choo chake kisicho na kizingiti, na kiwe karibu na baraza ili waweze kutoka wenyewe bila kusubiri kushikwa mkono.

Baada ya hapo amua nafasi tatu au nne tu zitakazopewa bahari kwa ukamilifu. Kwa familia nyingi ningependekeza baraza, meza ya chakula, na kiti cha yule anayeshinda nyumbani kwa muda mrefu kuliko wote. Jiko linasahaulika mno katika suala hili: anayepika husimama humo saa nyingi kila siku, na dirisha lililopangwa vizuri juu ya sinki, linaloona maji kupitia baraza, lina thamani kubwa kuliko ukuta mzima wa kioo katika chumba cha kulala ambacho watu huingia usiku. Vyumba vingine vipate kipande cha bahari: dirisha jembamba mwishoni mwa ujia, au uwazi juu ya ngazi.

Suala la faragha nalo liamuliwe hapa. Ufukwe hutumiwa na watu wote, na anayeiona bahari kwa uwazi huonekana naye kutoka huko, hasa usiku taa zikiwaka. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja zililitatua jambo hili kwa kuwapokea wageni kwenye daka (ukumbi mdogo wa mlangoni) na baraza za nje, huku familia ikiishi kuzunguka ua wa ndani. Kanuni hiyo bado inafaa: sebule ya wageni iwe upande wa kuingilia, sebule ya familia iwe upande wa bahari, na kati yake na ufukwe kuwe na shata za mbao au ukuta wa matofali ya matundu katika sehemu ambazo wanawake wa nyumba wangependa kukaa kwa uhuru.

Hatua ya 4: Panga vyumba kwa jua na upepo

Hapa ndipo kazi ya usanifu inapohitaji subira kubwa. Bahari ikiwa mashariki, uso unaotazama maji hupigwa na jua la chini tangu alfajiri, na mwanga huo huja mara mbili: mara moja kutoka angani, na mara ya pili ukiwa umeakisiwa na maji. Baraza pana ndiyo dawa. Likiwa na kina cha meta 2.5 mbele ya mlango wenye kimo cha meta 2.4, kufika saa 3:30 asubuhi hivi mlango wote huwa kivulini kwa siku nzima iliyobaki, katika miezi yote ya mwaka. Kina hicho pia huruhusu mkeka kutandikwa, meza kuwekwa, na mvua ya kusi kuishia nje bila kulowesha milango. Kwa saa za mwanzo za asubuhi tumia shata zenye mbao za kugeuza, au waachie minazi michache iliyopo kazi hiyo. Shina la mnazi halizibi bahari, ila hupunguza ukali wa mwanga wake.

Ukuta wa magharibi hupokea jua kali la alasiri. Upande huo weka ngazi, stoo, mabafu, mahali pa gari na pa kufulia, madirisha yake yawe madogo na ya juu. Kwa bahati nzuri mpangilio huu unakubaliana na upepo, kwa sababu kaskazi na kusi zote hutokea upande wa bahari: moshi wa jiko la mkaa na harufu ya vyoo vikiwekwa upande wa magharibi vitapelekwa mbali na vyumba. Kila chumba cha kulala kiwe na uwazi katika kuta mbili, kimoja cha kuingizia hewa na kingine cha kutolea, na juu ya milango ya ndani kuwe na matundu ili hewa isikwame mlango unapofungwa usiku. Nyumba yenye unene wa chumba kimoja, iliyonyooka kaskazini hadi kusini, hupitisha hewa vizuri kuliko nyumba ya mraba yenye ujia wa giza katikati. Nyavu za mbu hupunguza upepo, kwa hiyo dirisha lenye wavu liwe kubwa kuliko lile ambalo ungelichora bila wavu.

Kwa familia ya Kiislamu, mwambie msanifu mapema kwamba kutoka pwani yetu kibla ni karibu kaskazini kamili. Vyoo vielekezwe mashariki au magharibi, na mahali pa kuswalia pawe na ukuta mtulivu wa kaskazini. Jambo hili likikumbukwa wakati mabomba yamekwisha kulazwa, marekebisho yake huwa ya gharama.

Hatua ya 5: Lipime tazamo kwa mtu aliyeketi

Mstari wa upeo wa bahari daima huwa usawa wa macho ya anayetazama. Mtu mzima aliyeketi kitini ana macho takribani meta 1.2 kutoka sakafuni. Aliyeketi mkekani, karibu sentimita 75 hadi 80. Fremu ya dirisha inayokatiza katika vimo hivyo, au ukuta wa roshani wa tofali wenye kimo cha meta 1.1, humnyima aliyeketi ufukwe na mawimbi, akabaki na anga na mstari mwembamba wa maji. Kizingiti cha dirisha la sebule kiwe sentimita 45 au chini yake, na fremu za mlalo ziwekwe mbali na vimo hivyo viwili.

Kwenye roshani, usalama wa watoto utangulie. Uzio wake uwe na kimo cha meta 1.1, fito zake ziwe za wima, na nafasi kati ya fito isizidi sentimita 10. Fito za mlalo huonekana kisasa, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu ni ngazi.

Taa za nje zinazoelekea ufukweni ziwe chache, za mwanga hafifu, na zimulike chini. Kasa hutaga katika fukwe kadhaa za pwani yetu, zikiwemo za Mafia, Pangani na Kigamboni, na makinda yake hupotezwa njia na taa za nyumba.

Hatua ya 6: Chagua vifaa vinavyostahimili chumvi

Chumvi husafiri na upepo, huingia kwenye vinyweleo vya zege, na ikizifikia nondo kutu huanza. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, nayo hulipasua zege kutoka ndani. Kwa hiyo agiza zege lisilopungua daraja la 30, lenye maji kidogo, na nondo za nje zifunikwe kwa unene wa milimita 50 za zege pande zote. Vitengwe vya kushikilia nafasi hiyo viwe vya zege, si vipande vya nondo wala vya mbao. Zege limwagiliwe maji kwa siku 7 au zaidi, na maji hayo, kama yale ya kuchanganyia, yasitoke kwenye kisima cha chumvi. Mchanga wa ufukweni usitumike kamwe, hata fundi akiahidi kuuosha. Chumvi yake hubaki ndani ya jengo, na kuuchota ni kuubomoa ufukwe ule ule unaoutazama.

Milango na madirisha yawe ya mbao ngumu au ya alumini iliyopakwa rangi ya kuokwa. Mtiki wa mashamba ya Longuza, Muheza, hufaa sana. Bawaba, komeo na skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, na chuma kingine chochote cha nje kiwe kimezamishwa katika zinki ya moto baada ya kuchomelewa, kwa kuwa sehemu iliyochomelewa baadaye ndiyo huoza kwanza. Grili za chuma cha kawaida zilizopakwa rangi zitahitaji kukwanguliwa mara kwa mara. Ni afadhali kupunguza idadi yake kwa kutumia shata imara zenye komeo la ndani. Mashine za nje za viyoyozi ziwekwe upande wa magharibi, zikikingwa na jengo.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua na hukaa baridi, ila mawe hayo yatoke kwenye machimbo ya nchi kavu, si baharini. Ukuta wa tofali za saruji unakubalika, na plasta yake ipakwe rangi nyeupe inayoruhusu unyevu kutoka.

Hatua ya 7: Paa na upepo mkali

Vimbunga ni nadra kwetu, lakini hutokea. Kimoja kiliibomoa Unguja mnamo Aprili 1872, kingine kiliipiga Lindi mnamo Aprili 1952, na Hidaya kilifika Mafia mwezi Mei 2024. Kenchi zifungwe kwenye mkanda wa juu wa ukuta kwa vipande vya chuma vilivyozamishwa katika zinki, na mabati ya alumini au ya alumini na zinki yashikwe kwa skrubu zenye mpira, zikikaribiana zaidi kwenye kingo na pembeni mwa paa. Paa la baraza litenganishwe kimuundo na paa kuu, ili upepo ukiling'oa la kwanza usiondoke na la pili. Makuti ni baridi na mazuri, yakijengwa kwa mteremko wa digrii 40 hadi 45, lakini huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache na hushika moto upesi. Nayapendekeza kwa banda la kupumzikia lililo mbali na nyumba, si kwa nyumba wanamolala watoto.

Hatua ya 8: Maji safi na maji taka

Chini ya ardhi ya pwani, maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi kwa tabaka jembamba, na kisima kikivutwa kwa nguvu chumvi hupanda. Paa ni chanzo bora zaidi. Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba hutoa lita moja. Dar es Salaam hupata takribani milimita 1,100 kwa mwaka, hivyo paa la meta za mraba 200, baada ya kutoa asilimia 20 inayopotea, hutoa karibu lita 176,000. Familia ya watu 6 wanaotumia lita 100 kila mmoja itahitaji lita 54,000 kwa siku 90 za ukame. Tangi la chini ya ardhi la ujazo huo lichorwe chini ya baraza au mahali pa gari tangu mwanzo, kwa kuwa kulichimba baadaye kando ya msingi ni hatari.

Karo la maji taka na shimo lake la kunyonyea viwe upande wa nchi kavu, angalau meta 30 kutoka kisima chochote, kikiwemo cha jirani. Penye mwamba wa matumbawe wenye mapango maji taka hupita haraka bila kuchujwa. Hapo chora bustani ya kuchuja yenye kokoto na matete badala ya shimo.

Hatua ya 9: Wataalamu, kibali na usimamizi

Mbunifu majengo awe amesajiliwa na AQRB (bodi ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi), mhandisi na ERB (bodi ya wahandisi), na mkandarasi na CRB (bodi ya makandarasi). Mhandisi apate majibu ya uchunguzi wa udongo kabla ya kuchora msingi, kwa kuwa kiwanja kimoja huweza kuwa na mchanga mlegevu upande mmoja na mwamba wenye mashimo upande mwingine. Mkadiriaji majenzi aandae mchanganuo wa gharama ukitaja vifaa kwa daraja lake, ili "skrubu" isigeuke kuwa skrubu yoyote iliyopo dukani. Kisha omba kibali cha ujenzi halmashauri, na usimwage zege lolote kabla ya kukipata.

Kabla ya mchoro wa mwisho kusainiwa, uchore kwa ukubwa wake halisi kiwanjani kwa vigingi na kamba. Waite wote watakaoishi humo, bibi akiwemo. Kila mmoja aketi kwenye kiti mahali ambapo baraza, meza na kitanda chake vitakuwa, aseme anaona nini. Marekebisho ya siku hiyo hugharimu kamba tu.

Wakati wa ujenzi, mhandisi akague nondo na unene wa kifuniko chake kabla ya kila umwagaji wa zege, na picha za ukaguzi zihifadhiwe pamoja na ramani. Baada ya kuhamia, suuza madirisha, bawaba na mashine za viyoyozi kwa maji baridi kila mwezi, na kila mwaka masika yakiisha kagua paa, mifereji na nguzo za baraza. Ufa wowote mwembamba unaofuata mstari wa nondo uonyeshwe mhandisi mapema, ungali mwembamba.